Usizime Swapu: Mipangilio ya Kumbukumbu Pepe kwa Mashine Ndogo ya Linux

Mwambie mtu anayejua Linux kwamba laptopu yako ya GB 4 inaganda kila ukifungua tovuti nyingi kwa pamoja. Mara nyingi jibu litakuwa moja kati ya mawili: zima swapu, au shusha vm.swappiness mpaka 10. Ushauri huu umetoka enzi za diski za kuzunguka, umepokezanwa mkono kwa mkono, na wengi wanaoufuata hawajawahi kupima kama umewafaa. Mimi nashauri kinyume chake. Swapu iache iwepo, pima kabla ya kugusa chochote, kisha rekebisha mambo machache ambayo kweli yanabadilisha hali ya mashine ndogo au seva ya bei nafuu.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachorekebishwa. Programu haiioni RAM moja kwa moja. Inapewa anwani zake yenyewe, na kerneli ikishirikiana na prosesa ndiyo inayojua kila anwani imekaa wapi hasa: kwenye RAM, kwenye faili lililo diskini, kwenye swapu (nafasi iliyotengwa, kwa kawaida diskini, kupokea vinavyotolewa RAM), au bado haijapewa mahali. Wazo hili lilianza kutumika kwenye kompyuta ya Atlas, Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, mwaka 1962, na mashine unayoitumia leo inalifuata bado. Kazi yote hufanyika kwa vipande viitwavyo kurasa. Kwenye kompyuta za kawaida za Intel na AMD ukurasa mmoja una baiti 4,096.

Kurasa hizo ni za aina mbili, na ukiishika tofauti yake hutababaishwa tena na ushauri wa mitaani. Ziko zenye faili nyuma yake: kodi ya programu yenyewe, maktaba zake, picha uliyoifungua asubuhi, faili ulilosoma muda uliopita na kerneli ikabakiza nakala ikitarajia utalirudia. Ukurasa wa namna hii ukitakiwa kuondoka, na haujabadilishwa, kerneli huutupa tu, maana nakala ipo diskini. Halafu ziko zisizo na faili: vile vitu ambavyo programu imevikokotoa na kuvishikilia, maandishi ambayo hujayahifadhi, ukurasa wa tovuti ambao kivinjari kimeshauchora. Hizi hazina pa kwenda isipokuwa swapu.

Sasa zima swapu, halafu jaza RAM. Kurasa zisizo na faili haziwezi kutoka hata kama programu yake hujaigusa tangu jana. Kerneli inabaki na aina moja tu ya kutupa, yaani zile zenye faili, na miongoni mwake imo kodi ya programu unazozitumia sasa hivi. Inaitupa kodi ya kivinjari, sekunde hiyo hiyo kivinjari kinaihitaji, inasomwa upya kutoka diskini, inatupwa tena. Taa ya diski haizimiki, mshale wa kipanya unasogea kwa kurukaruka, na mtu anaishia kubonyeza kitufe cha umeme. Kwa hiyo kuzima swapu hakuondoi kazi ya diski pale kumbukumbu inapobana. Kunaihamishia kazi hiyo kwenye kurasa zenye thamani kubwa zaidi, huku takataka za jana zikibaki zimekalia RAM.

Ndipo tunafika kwenye swappiness, ambayo huenda ndiyo namba inayoeleweka vibaya kuliko zote katika Linux. Wengi huamini kwamba 60, ambayo ndiyo namba ya kuanzia, maana yake swapu itaanza kutumika RAM ikibaki asilimia 40. Si hivyo hata kidogo. Namba hii inaieleza kerneli gharama ya swapu ikilinganishwa na gharama ya kusoma upya mafaili. Ukiandika 100 unasema gharama ni sawa kwa sawa, basi kerneli ibane pande zote mbili kwa usawa. Chini ya 100 unasema swapu ni ghali zaidi. Juu ya 100 unasema swapu ni nafuu kuliko mafaili, na tangu kerneli 5.8 ya mwaka 2020 kipimo kinafika hadi 200.

Ukiielewa hivyo, jibu linategemea diski yako. Mwenye diski ya kuzunguka ana sababu ya kubaki na 60 au kushuka kidogo, kwa kuwa kusoma swapu kwenye diski hiyo ni kurukaruka huku na huko. Mwenye SSD moja inayobeba mafaili na swapu pia hana sababu kubwa ya kushuka hadi 10, kwa kuwa kusoma ukurasa kutoka sehemu moja ya SSD au nyingine gharama yake haipishani sana. Yeye anaweza kuacha 60 au kupanda hadi 100 bila wasiwasi. Anayeweka 0 ajue anachokifanya: kerneli haitagusa swapu mpaka kurasa huru pamoja na zile zenye faili ziwe zimekaribia kwisha. Kufikia hapo, mashine imeshaanza kuteseka.

Lakini usibadilishe kitu kabla ya kupima, la sivyo unapiga ramli. Fungua teminali uandike free -h. Watu hutazama safu ya free, wakiona MB 180 wanashtuka. Safu ya kutazama ni available, kadirio la kumbukumbu inayoweza kupatikana bila mashine kuanza kubadilishana na swapu. Kerneli yenyewe imekuwa ikilitoa kadirio hilo tangu toleo la 3.14, mwaka 2014. RAM iliyokaa bila kazi haikufaidii lolote, ndiyo maana kerneli huijaza nakala za mafaili. Hapa nitasema wazi: ukikuta seva ina kazi ya kila saa inayoandika 3 ndani ya /proc/sys/vm/drop_caches ili "kusafisha RAM", iondoe. Kinachosafishwa ni vitu ambavyo vitasomwa tena diskini dakika chache baadaye. Nyaraka za kerneli zenyewe zinasema hiyo si njia ya kudhibiti ukubwa wa kache.

Baada ya hapo andika vmstat 1 uiache itiririke huku ukiendelea na kazi yako ya kawaida. Mstari wa kwanza upuuze, ni wastani tangu mashine iwashwe. Kwenye inayofuata tazama safu mbili, si na so: kiasi kinachorudi kutoka swapu na kiasi kinachopelekwa huko, kila sekunde. Swapu kuwa na GB 1 ndani yake huku si na so zikisoma sufuri ni afya njema, kwa kuwa vitu visivyotumika vimewekwa kando na vimetulia. Safu zote mbili zikisoma maelfu mfululizo kwa dakika nzima, programu zako zinataka kumbukumbu kuliko ulichonacho, na hakuna namba ya sysctl (amri ya kubadilisha mipangilio ya kerneli) itakayokuongezea RAM.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni kipya kuliko hivyo. Tangu kerneli 4.20, iliyotoka Desemba 2018, kuna faili /proc/pressure/memory. Lisome kwa cat utaona mistari miwili, some na full, na mbele yake avg10, avg60 na avg300. Kwenye some, avg10=4.00 inakwambia kwamba katika sekunde 10 zilizopita, asilimia 4 ya muda kulikuwa na angalau programu moja iliyosimama ikingoja kumbukumbu. Mstari wa full ni pale kazi zote zilizokuwa na la kufanya zimesimama kwa pamoja. Namba hizi zinapima kile ambacho mtumiaji anakihisi, yaani kungoja. RAM inaweza kuonekana imejaa na full ikasoma sufuri siku nzima: basi hakuna tatizo. Mifumo mingine huja ikiwa imekizima kipimo hiki, na hukiwashi mpaka uongeze psi=1 kwenye mstari wa kuwashia kerneli.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo naona linapuuzwa kuliko swappiness, ilhali linawaudhi watu kila siku. Unanakili video ya harusi kwenda kwenye flashi. Mstari wa maendeleo unakimbia, unafika asilimia 100 kabla hujamaliza kunywa maji, unabonyeza kuitoa flashi, na hapo ndipo mambo yanapolala. Dakika zinapita. Wakati huohuo kufungua programu nyingine kunakuwa kazi. Wengine huichomoa, na video inafika kwa mteja ikiwa nusu.

Kilichotokea ni kwamba programu inapoandika, maandishi hayaendi diskini palepale. Yanakaa RAM kwenye kurasa ambazo wahandisi huziita chafu, zinazongoja kuandikwa. Mipaka miwili inazitawala. Kwa vm.dirty_background_ratio, ambayo kawaida ni 10, kerneli huanza kuandika taratibu kwa nyuma. Kwa vm.dirty_ratio, kawaida 20, programu inayoandika inasimamishwa yenyewe mpaka foleni ipungue. Asilimia hizo zinahesabiwa kwa kumbukumbu inayoweza kupatikana, wala si RAM yote. Chukua laptopu yenye GB 6 zinazopatikana: asilimia 20 ni takriban MB 1,200. Flashi ya bei ya chini ikiandika MB 5 kwa sekunde, foleni hiyo inachukua sekunde 240, dakika nne nzima, baada ya skrini kukwambia kazi imekwisha. Kerneli hujaribu kugawa nafasi ya foleni kulingana na kasi ya kila kifaa, lakini kwa flashi nzito mgawo huo mara nyingi hautoshi kukuokoa. Asilimia hizi zilikuwa na maana mashine zilipokuwa na RAM ya MB 256. Kadiri RAM ilivyokua, foleni nayo ilikua.

Dawa ni kuacha asilimia na kutumia baiti. Nashauri kwa laptopu:

vm.dirty_background_bytes = 67108864
vm.dirty_bytes = 268435456

Hizo ni MB 64 na MB 256. Ukiweka baiti, zile asilimia zinajigeuza kuwa sufuri zenyewe, usishangae. Kwa flashi ileile foleni ndefu kabisa sasa ni kama sekunde 51, na mstari wa maendeleo unaanza kusema kweli. Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua teminali ya pili uandike watch "grep -E 'Dirty|Writeback' /proc/meminfo", kisha nakili faili kubwa. Utaiona Dirty ikipanda, ikagonga ukuta wa mpaka uliouweka, halafu ikashuka hadi karibu sufuri. Hapo ndipo flashi inapotoka salama.

Kwa wanaoishi na umeme wa kukatika, kurasa chafu zina uzito mwingine. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika, chochote kilichokuwa RAM kimekwenda. Kerneli huamka kila sekunde 5 kutazama kama kuna cha kuandika (vm.dirty_writeback_centisecs, 500), na huona ukurasa umekaa mno ukifikisha sekunde 30 (vm.dirty_expire_centisecs, 3000). Kwa hiyo kazi ya nusu dakika au zaidi kidogo inaweza kupotea hata kama programu ilidhani imeihifadhi, isipokuwa programu hiyo iwe imedai kuandikwa palepale, kama hifadhidata makini zinavyofanya. Kwenye mashine ya duka au ya karani shuleni, kushusha dirty_expire hadi 1000 ni kinga ya bure. Diski itaandikwa mara nyingi zaidi kidogo, na hiyo ni bei ndogo kwa daftari la mauzo.

Mwenye RAM ya GB 2 au 4 namwelekeza kwanza kwenye zram kabla ya namba nyingine yoyote. Hiki ni kifaa cha swapu kinachokaa ndani ya RAM yenyewe: ukurasa usiotumika unabanwa na kuhifadhiwa humohumo, bila kugusa diski. Kurasa nyingi hubanika hadi nusu au theluthi ya ukubwa wake, na prosesa hufanya kazi hiyo kwa haraka kuliko SSD yoyote ya kawaida. Simu za Android zimetegemea mbinu hii miaka mingi, na Fedora iliifanya kuwa ya kawaida kuanzia toleo la 33, mwaka 2020. Kwenye Debian na Ubuntu sakinisha zram-tools, fungua /etc/default/zramswap, weka ALGO=zstd na PERCENT=50, kisha washa upya huduma ya zramswap. Amri zramctl itakuonyesha data iliyoingia na nafasi inayokalia baada ya kubanwa; ukiona MB 900 zimekaa ndani ya MB 300, umejipatia MB 600 bila kununua kitu.

Hapa ndipo swappiness inapogeuka kabisa. Kwa kuwa swapu ya zram ni ya haraka kuliko diski ya mafaili, namba ya kuandika ni ya juu ya 100: 133 ukikadiria kwamba kasi yake ni mara mbili ya diski, 180 kama diski ni ya kuzunguka. Mtu aliyezoea kuambiwa 10 ataona ni wazimu, lakini ni hesabu ileile ya gharama, isipokuwa bei zimebadilika. Pamoja nayo weka vm.page-cluster = 0. Kawaida yake ni 3, maana yake kila ukurasa unaorudi kutoka swapu unaletwa na majirani zake hadi wafike 8, jambo lililokuwa na faida kwenye diski ya kuzunguka na lisilo na kazi kwenye zram.

Usichanganye zram na zswap kwenye mashine moja. Zswap nayo inabana, lakini inakaa mbele ya swapu ya diski na kusukuma kurasa za zamani huko nyuma zikizidi. Mwenye SSD nzuri na swapu kubwa itamfaa zswap. Mwenye diski mbovu, au kadi ya kumbukumbu kama kwenye Raspberry Pi, abaki na zram.

Kwenye seva hesabu ni nyingine, kwa sababu hatari yenyewe ni nyingine. Linux huahidi kumbukumbu kuliko iliyonayo, ikitumaini si kila programu itadai yote iliyoomba. Siku ambayo zote zitadai kwa pamoja na hakuna kilichobaki, kerneli huchagua moja na kuiua. Mwenye seva anakuta asubuhi hifadhidata imesimama na hakuna kosa kwenye logi za hifadhidata yenyewe. Andika journalctl -k | grep -i "killed process" na utamwona marehemu kwa jina.

Vm.overcommit_memory ndiyo inayotawala ahadi hizo, na hapa huwezi kunakili namba ya jirani. Hifadhidata ya Redis inakutaka uweke 1, yaani ahidi kila kitu, kwa sababu inapohifadhi data diskini hujigawa mara mbili na mtoto anaonekana kama anadai RAM yote upya ilhali wanashiriki kurasa zilezile. Hifadhidata ya PostgreSQL katika nyaraka zake inapendekeza 2, yaani usiahidi kupita kikomo, ili ombi likataliwe kwa adabu badala ya mchakato mkuu kuuawa. Zote mbili ziko sahihi kwa kazi yake, na hilo linatosha kukuonya usiziweke pamoja kwenye mashine ndogo moja. Ukichagua 2, kumbuka kikomo ni swapu yote kujumlisha asilimia 50 ya RAM. Seva ya GB 4 isiyo na swapu itagoma kutoa zaidi ya GB 2, na nusu ya RAM yako itakuwa pambo. Linganisha CommitLimit na Committed_AS ndani ya /proc/meminfo kabla ya kupandisha vm.overcommit_ratio. Kwenye laptopu yenye kivinjari iache 0, kwani vivinjari hujitengea anwani nyingi sana ambazo havitazitumia.

Unachoweza kufanya bila hofu ni kuamua nani asiuawe. Kwenye faili la huduma ya systemd, OOMScoreAdjust=-800 kwa hifadhidata na kwa sshd itakuachia mlango wa kuingilia mambo yakiharibika. Nayo MemoryMax= kwa ile programu unayoijua kwamba huvimba itaifanya ife peke yake bila kuburuta wenzake. Binafsi naona mistari hii miwili ina faida kuliko nusu ya namba zote zilizo ndani ya /proc/sys/vm.

Zilizobaki nyingi ziache. Vfs_cache_pressure kwenye 100 inatosha karibu kila mahali. Min_free_kbytes kerneli hujihesabia yenyewe, na anayeipandisha ovyo anaweza kuifanya mashine ishindwe hata kuwaka vizuri. Max_map_count iguse pale tu programu inapoidai, kama Elasticsearch inavyodai angalau 262144.

Ukiwa tayari kujaribu, anza na sudo sysctl -w vm.swappiness=100 au namba nyingine moja, moja tu, ufanye kazi yako siku chache huku ukitazama faili la pressure. Mabadiliko hayo hufutika ukizima mashine, ndiyo maana ni salama kwa majaribio. Ukiridhika, yaandike ndani ya /etc/sysctl.d/99-kumbukumbu.conf, mstari mmoja kwa kila namba, juu yake maelezo yanayoanza na alama ya # yakisema umebadilisha lini na ulikuwa unatibu nini, kisha sudo sysctl --system. Mafaili ya humo husomwa kwa mpangilio wa majina, ndiyo sababu ya kuanza na 99. Amri ikikataa kwenye seva uliyokodi, andika systemd-detect-virt: jibu likiwa lxc au openvz, kerneli si yako bali ya mwenye mashine, na namba hizi zote ni zake kuzipanga. Katika hali hiyo omba aina ya seva yenye kerneli yake, au punguza programu.